Jina la Uwanja Wetu ni Libre

Uvira, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane

Kwako Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Ulipokuwa bado unaweza kuongea vizuri, kabla kifua hakijakubana kabisa, uliniita karibu na kitanda ukasema: "Asha, hata kama minye siko, utakuja kuniambia kama walisahihisha." Nikakujibu usiseme hivyo, utapona, utaenda kuangalia mwenyewe. Ulinitazama vile ulivyokuwa unanitazama nilipokuwa mtoto nikikataa kunywa dawa.

Basi nimekuja kukuambia. Ila niache nianze mbali kidogo. Nikikupa ile habari moja tu, barua itakuwa imeisha, na sitaki iishe haraka.

Chumba ulicholala kwangu sasa wanalala wasichana wangu. Walikataa mwanzoni. Mkubwa alisema bado kinanuka mafuta yako ya mgongo, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayelinda kitu. Siku hizi harufu imepungua. Ameacha kuitaja, nami nimeacha kumuuliza. Bugali bado ninapika wa kuzidi. Nasonga, nasonga, na mkono haujui kwamba mtu mmoja amepungua. Mwanao wa Kigoma anapiga simu kila Ijumaa. Tunaongea habari za bei ya mafuta na za mvua, kisha kila mmoja anangoja mwenzake akutaje kwanza.

Ziwa limeshuka, Yaya. Si sana. Lakini ukuta wa jiko lako umeanza kutoka majini, ule uliousiriba mwenyewe, na ndege weupe wanakaa juu yake wakikausha mabawa. Siku ya kwanza nilipouona nilisimama pale njiani na kapu kichwani, watu wananipita, nikasahau nilikuwa ninaenda wapi. Nilitamani kukuita uje uone. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Sasa nikuambie habari za Libre.

Unakumbuka siku ile Madame Plani alipokuja mara ya kwanza? Jina lake la kweli sisi wote tulilisahau siku ileile, akabaki Madame Plani. Alikuja na kofia yake ya majani na viatu vya plastiki kama sisi, akasimama katikati ya uwanja wetu, akasema kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba wakubwa wanataka kuchora mji upya. Si mji wa leo, mji wa miaka mingi mbele, mpaka hawa watoto wanaobebwa mgongoni watakapokuwa na wajukuu. Wachore mahali pa nyumba, fasi ya barabara, fasi ya kupitisha maji ya mlimani, na fasi za kuacha wazi zisijengwe kamwe. Alisema mji wetu ni mwembamba, mlima unausukuma huku, ziwa linausukuma huku, na mji usio na mahali wazi watu wake hawana pa kukimbilia maji yakija. Tulimpenda. Wewe ulimletea kiti.

Halafu akaonyesha mchanga kwa kalamu yake, akauliza: "Na hii fasi, ni nini?"

Ukajibu wewe, kwa sauti yako ile ya sokoni: "Hii? Hii ni Libre!"

"Ni libre?"

"Ndiyo, mama! Tangu kitambo, ni Libre!"

"Kweli? Iko libre kabisa?"

Na sisi sote nyuma yako, wanawake wa kuanika samaki wa ndagala, vijana wa mpira, hata wazee waliokuja na mikeka, tukaitikia kama wimbo: "Ni Libre! Ni Libre!" Tulipiga makofi, Yaya. Tulifurahi kwamba mtu wa serikali ameuliza jina la uwanja wetu.

Kumbe yeye hakuuliza jina.

Sisi tuliozaliwa hapa tumelisema jina lile tangu meno ya utoto. Tukutane ku Libre. Mpira uko ku Libre. Arusi itakuwa ku Libre. Baba alitueleza kwamba wakati wa Wabeleji uwanja uliandikwa katika karatasi maneno mawili ya Kifaransa, watu wakashika lile la mwisho, likawa jina. Nani alikuwa anakumbuka tena kwamba kwa Kifaransa lile neno lina maana ya kitu kilicho wazi, kisicho na mwenyewe? Madame Plani alitusikia tukimwambia kwa furaha kubwa kwamba fasi haina mwenyewe, haina kazi, iko inangoja mtu. Akaandika hivyo.

Plani ya kwanza ilipobandikwa ukutani mwa biro ya kartie, ofisi ya serikali hapa kwetu, ulinishika mkono twende pamoja. Nilikutangulia kusoma. Libre ilikuwa imekatwa vipande vidogo vidogo kama sabuni ya kuuza, parsele za kujengea za watu ambao ziwa lilichukua nyumba zao. Nikakusomea. Uliweka kiganja mdomoni. Hukulia. Ulisema tu, "Ni minye nilisema." Njiani ulisema tena, "Asha, ni minye." Nikakuambia tulisema sote. Ukasema, "Lakini ni minye nilianza."

Sijui kama ulijua ni kitu gani kilichonifanya nikuheshimu zaidi ya vyote. Nikuambie sasa, maana ulipokuwa hai niliona haya. Ni siku chefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alipokuja nyumbani amefurahi, akakaa, akakunywea chai, akasema: "Mama Zaina, weye ndiye wa kwanza. Ziwa lilikula nyumba yako mbele ya watu wote. Parsele ya pembeni ku Libre, ile ya kuona maji, iko yako." Na wewe ulikuwa unalala kwangu, kitanda kimoja na mtoto anayekupiga mateke. Ulimwongezea sukari, ukamwambia: "Chefu, asante sana. Lakini mukijenga pale, tutalilia wapi?"

Hakuelewa. Ukamweleza polepole. Parsele zetu ni ndogo, mtu akifa hata viti vya majirani haviingii uani. Matanga yote ni Libre. Arusi zote ni Libre. Sala ya Idi ni Libre, na mapadri nao wanapitisha Ekaristi palepale siku yao. Ndagala wanakauka wapi, pwani ikiwa imemezwa? Chefu alikuna kichwa akasema uende ukafikiri. Baadaye mtaani wakakucheka. "Zaina anakataa parsele sababu ya muchanga!" Vijana wa moto, wale wanaobeba watu kwa pikipiki, walikuita Madame Muchanga. Uliwaitikia: "Eeh, ni minye. Mukioa, musikuje kuniomba muchanga wangu."

Mama Nyota ndiye hakucheka. Unamjua, ulianika naye samaki jirani miaka yote, upande wako wa kushoto. Ziwa lilimfukuza yeye na watoto wake wakaenda kulala shuleni, kila asubuhi wanakunja magodoro kabla mwalimu hajafika. Alikuja mpaka kwenye wavu wako akasema mbele ya wote: "Weye uko na mdogo wako wa kukulaza. Minye niko ku masomo na batoto. Ukifunga ile mlango, ujue umefungia nani." Ulibaki umeshika ufagio wa kugeuzia samaki. Jioni hukula.

Lakini ulikwenda. Uliendelea kwenda biro kuomba wasahihishe, na kile kikohozi, unakaa kwenye benchi, unangoja, unaambiwa Madame amerudi Bukavu, atakuja mwezi ujao. Hawakukudharau, nao walikuwa wanangoja karatasi kutoka juu. Ila wewe ulikuwa na haraka ambayo sisi hatukuiona.

Kuna jambo la siku ya mazishi yako ambalo hakuna aliyekusimulia, kwa hiyo nikusimulie mimi.

Uani kwangu hapakutosha. Nilijua hapatatosha, na bado nilishangaa, kama vile kwa ajili yako ukuta ungesogea. Wakakutoa nje. Wanaume wakapanga safu ku Libre, viatu wamevua, mchanga bado una baridi ya asubuhi, wakakusalia palepale. Nyuma yao walisimama Wakatoliki na Waprotestanti wa avenue yetu, kofia mikononi. Hata chefu. Halafu wanaume wakakubeba, wakaondoka nawe kwa njia ya juu, na sisi wanawake tukabaki tumekaa juu ya mikeka kama desturi yetu ilivyo. Niliwatazama mpaka jeneza likafichwa na kona. Uwanja ulikuwa wazi, kwa hiyo nilikuona muda mrefu. Ndiyo faida niliyoipata, Yaya. Ningekuwa katika uchochoro, ungepotea mara moja.

Mama Nyota alikuja na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo kichwani. Aliweka chini, akakaa nyuma yangu, akanishika mabega mpaka adhuhuri.

Baada ya arobaini yako, Madame Plani akarudi. Wakaita mkutano, palepale ku Libre, maana hakuna kwingine kunakotosha watu. Hilo peke yake lingetosha kuwa jibu, lakini nani angelisema? Nilikaa nyuma. Unanijua, mimi ni wa cherehani, maneno yangu yanaishia kwenye kitambaa. Chefu akasimama akasema mambo ya Libre yameshaisha: "Mama injenieri aliuliza, na sisi benyewe tulijibu ni libre. Tutageuza ulimi leo?"

Nikaona miguu yangu imesimama. Sijui ni nani aliyeisimamisha. Pale mbele alikuwa amekaa Papa Safari, fundi wa baiskeli, na macho yangu yakamwangukia yeye.

Nikasema, "Papa Safari, samahani. Weye jina lako ni Safari. Umeshasafiri mpaka wapi?"

Akajibu, mzee wa watu, bila kujua ninakwenda wapi: "Minye? Nilifika Sange, pale karibu. Mara moja tu. Na nikarudi mugonjwa."

Watu wakacheka mpaka watoto wakaja wakikimbia kuona kuna nini. Mtu akapiga kelele nyuma: "Sange ni ulaya ya Papa Safari!" Naye akawatishia kwa spana. Niliwangoja watulie, nikasema: "Basi. Anaitwa Safari na hasafiri. Na hii fasi inaitwa Libre na ina wenyewe. Yaya wangu hakusema haina mutu. Alisema jina lake."

Madame Plani alikuwa akicheka pamoja nasi, halafu akaacha. "Ni jina?" aliuliza. Tukajibu, safari hii taratibu, mmoja mmoja: ni jina. Akauliza tena, "Kwa hiyo siku ile mulikuwa munaniambia jina?" Akakaa chini kwenye kiti, kile ulichomletea wewe au kinachofanana nacho, akacheka peke yake na kujipiga kipaji cha uso. Hakuona aibu na sisi hatukumwonea. Alisema kila mji una neno lake linaloweza kukuangusha, la kwetu limemwangusha yeye vizuri.

Ningependa barua iishie hapo. Ungecheka, ungepiga goti langu kama ulivyozoea, ungesema, "Mdogo wangu, kumbe una mdomo!" Nilitafuta mkono wako kwenye goti langu, nilipokaa. Lakini Mama Nyota akasimama.

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliuma. "Jina ni zuri. Minye pia ninalipenda, nimeolewa hapa ku Libre. Lakini batoto wangu balale mu jina?"

Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, unapeperusha ile karatasi ya plani, Madame akaibana kwa viatu vyake. Akasema kuna ardhi kubwa nje ya mji, upande wa mbuga, ukishapita Kavimvira, maji hayafiki, parsele ni pana kuliko za hapa. Mama Nyota akauliza, "Na kule nitaanika nini? Vumbi?" Madame hakumdanganya. Alisema kweli ni mbali, ataandika kwamba wapewe njia na usafiri, lakini kuandika si kupata. Aliwauliza watu waamue. Walibishana mpaka jua likageuka. Wazee wanataka miti, wapate kivuli. Wanawake wa ndagala wanasema mkipanda miti katikati mtakula samaki waliooza. Vijana wanasema goli lao lisiguswe. Mwishowe mikono ikainuliwa. Mingi ilikuwa ya kuacha Libre wazi. Nami niliinua wangu, na sikumtazama Mama Nyota wakati ninauinua.

Wiki hii wamebandika plani mpya. Nilikwenda peke yangu. Nilitafuta kwa kidole, kutoka mlimani nikishuka, nikapita barabara kubwa, nikafika. Hakuna vipande tena. Ni rangi moja ya kijani kibichi, na pembeni vidoti vya miti, pembeni tu. Jina hawakulibadilisha, watu walikataa katakata. Wameongeza neno moja mbele yake. Sasa imeandikwa: Place Libre. Madame alisema lile neno la mbele, yaani uwanja wa watu, ndilo linalomwambia kila atakayekuja kwamba hapa ni mali ya wote, hata sisi tukiwa hatupo wa kueleza.

Walisahihisha, Yaya. Ni neno moja tu.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, kweli. Halafu nikaanza kuifikiria ile miaka wanayoisema, miaka yote ile inayokuja na ile miti ikikua, na katika kila mwaka nilioufikiria, wewe hukuwemo. Nilizoea kwamba hupo leo. Sikuwa nimezoea kwamba hutakuwepo miaka ile yote. Karani akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni jua.

Mama Nyota amehamia kule mbugani juzi. Nilikwenda kumsaidia kufunga. Tulipanga magodoro, mabeseni na zile nyavu zake kwenye gari la kubeba mchele linalorudi Sange, watoto wakakaa juu wakifurahia mwendo. Hakuninunia. Nafikiri ingekuwa rahisi kama angeninunia. Alipokuwa anapanda aliniambia, "Asha, uwaambie ile fasi yangu ya kuanikia wasiichukue. Nitakuwa ninakuja siku za soko." Nikasema nitaitunza. Kisha akaniuliza, "Zaina angekuwepo, leo angeniambia nini?"

Jibu nimelitafuta tangu juzi. Kazi uliyoniachia nimeimaliza, naweza kusimama mahali pako mkutanini, naweza hata kusema maneno ambayo pengine ungeyasema. Lakini hili siwezi kulijibu, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Ungemwomba msamaha? Ungekwenda naye kule mbugani ukalala kwake siku za kwanza? Labda ungeanza tena kukaa kwenye lile benchi la biro, kwa ajili yake. Ninaona kama ungefanya hilo.

Basi nitakaa mimi. Ninakuahidi. Zile ahadi za njia na usafiri zimeandikwa chini ya ile plani kwa herufi ndogo, nami ninajua kusoma, ulinisomesha wewe. Jumatatu nitakwenda kuuliza zimefikia wapi, na nikiambiwa Madame amerudi Bukavu nitakwenda tena. Mahali pa Mama Nyota nitapafagia. Pako nimempa binti yangu mkubwa, ameanza kuanika, anawatupa samaki vibaya, wanalaliana, ungemgombeza.

Mungu akulaze mahali pema na papana. Sisi huku tunakutaja kila siku, usiwe na wasiwasi na hilo. Ila nawe huko uliko, kama inaruhusiwa, unikumbuke.

Mdogo wako,
Asha